Mashine ya Mkono ya Kuchanja Kuni, Tani 10: Inamfaa Nani, na Inagoma Wapi

Kwa pingili ya mkaratusi mbichi iliyonyooka, shoka zuri bado ndilo bingwa: pigo moja au mawili, vipande viwili chini. Mashine ya mkono ya haidroliki haifiki kasi hiyo na haikuundwa kwa ajili hiyo. Thamani yake inaonekana kwenye pingili ambazo shoka hudunda au kunasa: shina la mwembe lenye nyuzi zilizosukana, kitako cha mfenesi, mjohoro uliokaa juani mwaka mzima, kipande chenye mafundo matatu. Inaonekana zaidi mikononi mwa mtu asiyeweza, au asiyepaswa, kuinua shoka kupita kichwa: mzee, mwenye bega bovu, kijana ambaye bado hajajua kulenga. Kwa watu hao na kwa miti hiyo, tunaipa alama za juu. Kwa anayechanja lori zima la kuni za kuuza, hapana.

Tunayoizungumzia ni ile ya kulala, ya tani 10, yenye mipini miwili mirefu. Majina na rangi hutofautiana lakini umbo ni lilelile: fremu ya chuma, kabari iliyosimama upande mmoja, silinda na bamba la kusukumia upande wa pili, springi mbili za kurudisha pistoni, tenki dogo la oili, na magurudumu mawili ya kuikokota. Uzito wake ni kama kilo 30 hadi 35, kwa hiyo watu wawili huibeba bila shida na boda boda huifikisha popote. Haitumii umeme wala petroli. Kijijini ambako nguzo za umeme hazijafika, sifa hiyo peke yake inatosha kuifanya itazamwe.

Tangu amri ya rais wa Uganda ya Mei 2023 ilipopiga marufuku makaa ya biashara katika Acholi, Lango, Teso na West Nile, mwenye miti yake nyuma ya nyumba kule Wakiso au Mukono ana sababu ya kuitazama upya kama kuni. Matawi ya parachichi yanayokatwa kila msimu, miembe mizee isiyozaa tena, visiki vya mikaratusi baada ya milingoti kuuzwa: yote hayo ni moto. Tatizo ni kwamba mengi ya hayo ni mabaki ambayo wachanjaji wa shoka huyakimbia, nayo ndiyo chakula cha mashine hii.

Tani 10 zinatokaje kwenye mikono ya mtu mmoja? Chukua mfano wa vipimo vya kawaida. Mpini una urefu wa sentimita 90 kutoka kwenye egemeo lake, na pampu ndogo imeshikwa sentimita 5 kutoka kwenye egemeo hilo. Hapo nguvu yako imezidishwa mara 18. Pampu ina kipenyo cha milimita 12, pistoni kubwa ina milimita 45. Eneo la pistoni kubwa ni mara 14 ya eneo la pampu. Ukiegemea mpini kwa uzito wa kilo 40, oili inasukuma kuni kwa takriban tani 10. Gharama yake ni mwendo: kila unaposhusha mpini wa nguvu, pistoni husogea milimita chache tu. Ndiyo maana wamekuwekea mipini miwili. Mmoja una pampu nene, husogeza pistoni haraka lakini kwa nguvu ndogo. Mwingine una pampu nyembamba, huenda polepole kwa nguvu zote. Piga yote miwili kwa pamoja mpaka bamba liguse kuni na kabari ianze kuuma, kisha baki na ule wa nguvu. Wengi wanaoilaumu mashine kuwa nzito wamebanwa kwenye mpini wa haraka huku kuni imeshaanza kukataa.

Mipaka yake ijulikane kabla ya kulipa. Urefu wa pingili haupiti sentimita 45, na kipenyo kwa kawaida hakipiti sentimita 25 hadi 30. Sisi tungeshauri kukata pingili zote kwa sentimita 35. Hapo unabaki na nafasi ya kuzigeuza, na vipande vinavyotoka vinakaa vizuri kwenye jiko la Lorena, lile la udongo la kuokoa kuni, ambalo linataka kuni nyembamba, unene wa vidole viwili au vitatu. Anayepikia mafiga matatu anaweza kuacha vipande vikubwa zaidi, ila atakula moshi zaidi.

Namna msumeno ulivyokata ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Pingili iliyokatwa mshazari haikai sawa kwenye bamba: ukianza kupampu inanyanyuka upande mmoja, kabari inaingia kwa pembe, na nguvu yote inapinda fremu badala ya kupasua mti. Ukiona kuni inapanda juu ya reli, simama. Fungua valvu ya kuachia oili, irudishe pistoni, na ikate ncha iwe mraba. Fremu iliyopinda hainyooshwi kwa nyundo ikarudi kama zamani, na pistoni inayosukuma kwa pembe hula sili zake, mipira inayozuia oili isitoke, upande mmoja hadi ivuje.

Pa kuiweka pia panafaa kufikiriwa. Kiwandani wameitengeneza ikae chini kabisa, na anayepampu kwa nusu saa akiwa ameinama atadhani mashine ndiyo mbaya. Jenga jukwaa la matofali au magogo, kimo cha goti, liwe sawa na lisitikisike. Iweke juu yake na uifunge kwa kamba au boliti mbili. Sasa unapampu ukiwa umesimama na uzito wa mwili wako ndio unaofanya kazi. Udongo mwekundu wa yadi ukipata mvua huteleza, kwa hiyo mwaga kokoto au maranda pale unaposimama.

Kazi yenyewe huenda hivi. Funga valvu kwa kuizungusha kufuata mshale wa saa hadi ikaze kwa vidole. Usitumie spana, maana kigoroli kilicho ndani hukalia kiti laini na ukikaza kupita kiasi unakitoboa kiti hicho. Kama tenki lina skrubu ya hewa, ilegeze mzunguko mmoja. Laza pingili, na utazame ncha zake mbili. Ile yenye ufa wa asili ielekee kabari, na ufa huo usimame sambamba na makali. Penye fundo, ncha safi ndiyo ielekee kabari na fundo libaki upande wa bamba: mpasuko ukishaanza kwenye nyuzi zilizonyooka, unafika kwenye fundo ukiwa tayari na nguvu. Makali yapite katikati ya fundo kwa urefu wake, yasilikate kwa upana. Pingili nene usiianze moyoni. Anza pembeni, toa kipande cha kwanza cha sentimita 7 au 8, geuza, toa kingine, na moyo utabaki mdogo wenyewe.

Ukisikia mlio wa kwanza, punguza mwendo. Mti hutoa mlio mkali unapoanza kuachia, na baada ya hapo mipigo michache tu inatosha. Mara nyingi hakuna haja ya kupeleka pistoni mpaka mwisho. Ufa ukishafika nusu, fungua valvu na umalizie kwa mkono au kwa panga. Hapo ndipo muda unaokolewa, kwa sababu kurudi kwa pistoni kwa nguvu ya springi ni kwa polepole, na kila sentimita ambayo hukuisukuma ni sentimita ambayo hutaisubiri irudi.

Mpini ukigoma kabisa, tii. Ndani kuna valvu ya usalama iliyopimwa kiwandani ambayo huachia oili irudi tenkini mzigo ukizidi. Usiichokonoe kutafuta nguvu zaidi, na usirefushe mpini kwa bomba. Mwenye kuvalisha bomba la mita moja juu ya mpini anapata nguvu maradufu ambayo pini ya egemeo haikuundwa kuibeba. Pini hukatika, na mpini huruka kwenye kidevu. Rudisha pistoni, geuza pingili ncha kwa ncha, au izungushe robo. Ikikataa pande zote, ni panda la matawi mawili, na hilo litengewe jiko kubwa la msiba au la harusi, lichomwe zima.

Kuhusu miti yenyewe. Mkaratusi uchanjwe mbichi, ndani ya wiki mbili za kukatwa; ukikauka ukiwa mzima hukaza sana, hasa sehemu ya chini ya shina ambako nyuzi hujizungusha. Mwembe hauna wakati mzuri, nyuzi zake zimeshonana na vipande havitengani kwa ufa safi bali kwa kuchanika, vikiwa na nywele ndefu za kukatwa kwa panga. Mashine inauweza, ila tarajia kazi mara mbili. Mfenesi una utomvu unaonata kwenye kabari. Futa makali kwa tambara lenye mafuta ya taa kidogo kabla haujakauka. Visiki vya mibuni ni vidogo na vigumu, na hapa mashine inang'aa, kwa kuwa shoka hukirusha kisiki kidogo pembeni ilhali bamba hukishika pale pale. Kuni zikishachanjwa, zipange juu ya vitegemeo, mbali na udongo, la sivyo mchwa watazimaliza kabla yako. Kuni mbichi huwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na zinawaka vizuri zikishuka chini ya asilimia 20. Wa kusini mwa Uganda, ambako mvua huja Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, achanje mapema ili Desemba hadi Februari zikauke zenyewe.

Sasa magonjwa yake, maana hapa ndipo mashine nyingi hutupwa zikiwa nzima.

Unapampu na pistoni haisogei hata kidogo: kwanza valvu haijafungwa. Hilo likiwa sawa, ni hewa. Mashine iliyosafirishwa ikiwa imelala ubavu huingiza hewa kwenye pampu, na hewa hubanwa badala ya kusukuma. Fungua valvu, fungua kizibo cha oili, piga mipini yote miwili mara 10 hadi 15 kwa urefu wake wote, funga, jaribu. Rudia mpaka mpini uwe mgumu tangu mwanzo wa mwendo.

Pistoni inakwenda vizuri ikiwa tupu lakini ikigusa kuni inasimama, au inarudi nyuma kidogo kila unapoinua mpini: kuna uchafu chini ya kigoroli cha kuzuia oili isirudi. Vumbi la msumeno likiingia tenkini hufanya kazi hiyo vizuri mno. Mwaga oili yote, suuza tenki kwa oili mpya kidogo, jaza upya. Ikiendelea, kigoroli kitolewe na kiti chake kisafishwe, kazi ya fundi wa jeki.

Pistoni hairudi: oili imezidi, au springi imechoka, au fimbo imepinda. Anza na oili. Kipimo huchukuliwa pistoni ikiwa imerudi yote ndani. Aliyejaza pistoni ikiwa nje amejaza kupita kiasi, na oili haina pa kurudi. Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote, na dawa yake ni kupunguza tu.

Oili inachuruzika kwenye shingo ya silinda: sili au oringi (pete ya mpira) imekatika, mara nyingi kwa sababu ya kutu juu ya pistoni. Pistoni isiachwe nje usiku, umande na mvua ya Entebbe haviisamehi. Irudishe ndani kila ukimaliza. Usitafute mvujo kwa kidole wakati mashine ina mgandamizo. Oili ya namna hiyo hupenya ngozi, na jeraha lake linahitaji hospitali siku hiyo hiyo hata kama linaonekana kama tundu la sindano. Pitisha kipande cha katoni.

Oili iwe ya haidroliki, namba 32 kwa kawaida. Katika joto la Gulu au Arua namba 46 haina tabu. Mafuta ya breki ni marufuku kabisa: huvimbisha sili za mpira za mashine hii na kuzifanya ute. Oili ya injini iliyotumika, ambayo watu hupenda kuisogeza popote, ina masizi na vipande vya chuma, na itakuulia kigoroli ndani ya wiki.

Vaa miwani. Glavu na viatu vigumu pia, lakini miwani kwanza, kwa sababu kuni kavu yenye fundo ikiachia hurusha kibanzi kwa usawa wa uso wa mtu aliyeinama. Afanye kazi mtu mmoja. Mmoja akishika kuni na mwingine akipampu, vidole vya wa kwanza viko kwa hiari ya wa pili. Watoto wakae mbali hata kama mashine inaonekana ya polepole. Bamba lenye tani 10 halisiti kwa kidole.

Dukani, usikubali kuonyeshwa mashine ikiwa ndani ya boksi. Nenda na kipande cha mti mgumu. Kisukume hadi mpini ukaze kabisa, achia mipini, subiri dakika tano. Mpini wa nguvu ukipigwa tena uwe mgumu papo hapo; ukizama kwanza, kuna mvujo wa ndani. Tazama pistoni ikiwa imetoka yote: ing'ae, bila mkwaruzo unaonasa ukucha. Tazama mishono ya kuchomelea chini ya kabari, iwe pande zote mbili. Pima unene wa pistoni. Fimbo nyembamba ya milimita 25 haitoi tani 10 hata kama stika inasema hivyo. Kisha uliza kama seti ya sili inapatikana. Muuzaji akisita, chukua vipimo vya pistoni na silinda uende navyo soko la Kisekka, Kampala, ambako wauza vipuri na mafundi wa jeki wamezoea kulinganisha oringi kwa kipimo badala ya jina. Mashine ambayo sili zake zina vipimo vya kawaida ni bora kuliko yenye rangi nzuri.

Zipo pia za kukanyaga kwa mguu, za tani 1.2 hadi 1.5. Zinatosha kwa vijiti vya kuwashia moto na vipande vilivyokwisha kuchanjwa mara moja. Kwa mwembe, usihangaike.

Njia ya tatu ni kutengenezewa. Mafundi wa Katwe, Kampala, wanaweza kukuundia fremu ya chuma cha mkondo, chenye umbo la U, na kuweka ndani yake jeki ya chupa ya lori, na kwa kazi ya nyumbani hiyo si mbaya hata kidogo, mradi mambo matatu yazingatiwe. Jeki ya chupa ikilazwa, pampu yake ikae upande wa chini. Ikikaa juu, mdomo wa kunyonya unabaki hewani na jeki haipampu. Pili, mwendo wa jeki hizo ni mfupi, mara nyingi sentimita 15 au karibu na hapo, nayo hairudi yenyewe. Fundi aweke springi mbili imara za kuvuta bamba, na pini ya kusogeza kitako cha jeki kwenye matundu mawili au matatu kulingana na urefu wa pingili. Tatu, kabari. Wengi hukata springi ya lori na kuichomelea juu ya chuma laini, na inashika makali vizuri, lakini chuma cha springi kikichomelewa kikiwa baridi, au kikimwagiwa maji baada ya kuchomelewa, hupasuka kando ya mshono siku chache baadaye. Fundi akipashe moto kwanza mpaka tone la maji liruke juu yake, achomelee, kisha akifukie kwenye majivu au mchanga mkavu kipoe polepole hadi kesho yake. Fremu ndiyo inayovutwa na tani zile zote, kwa hiyo kitako cha jeki na mguu wa kabari vichomelewe pande zote na viwekewe vipande vya pembetatu nyuma. Mashine ya hivi ni nzito kuliko ya dukani na haina magurudumu mazuri, ila jeki ikifa unainunua nyingine na fremu inabaki.